Kumwandikia Mtu wa Zamu Ijayo

Kadi ilikuwa na alama ya dole gumba lenye grisi kwenye kona ya juu, na maandishi ya kalamu ya bluu yaliyokuwa yakishuka kidogo kila mstari ulipokaribia mwisho. Ilisomeka hivi: "Pampu ya juisi namba 2. Ikiwashwa inalia upande wa mota, kama mtu anasaga mchanga. Ikishapata moto sauti inapungua lakini haiishi. Haivuji. Nimeweka mkono kwenye hausingi ya beringi, joto limezidi la jana. Sauti hii ndiyo niliyoisikia kabla ya kubadilishwa beringi mwezi wa sita. Saa 9 usiku."

Aliyeiandika alikuwa opareta wa zamu ya usiku, mama wa makamo ambaye kazini hakuwahi kushika spana. Kazi yake ilikuwa kuwasha, kuzima, kusoma geji na kujaza daftari la zamu. Lakini kadi yake ilibeba kila anachokihitaji fundi: mashine ipi, upande upi, sauti gani, inasikika lini na inapungua lini, kipi hakijaharibika, na nini kiliwahi kutokea. Chini yake, kwenye trei ileile, palikuwa na kadi nyingine ya mashine nyingine, yenye maneno mawili tu: "Feni mbovu."

Kwa misimu kadhaa nilikuwa mratibu wa matengenezo katika kiwanda cha sukari, na trei ile ndiyo iliyonipokea kila asubuhi. Kadi hizo wenyewe tunaziita jobu kadi. Kwenye makaratasi ya ofisi huitwa hati ya kazi. Wageni waliotembelea kiwanda walipiga picha mbele ya vinu na boila, na walikuwa na haki, maana ni vitu vya kutisha kwa ukubwa. Mimi nataka kuisifu trei. Kuandika kadi, kuipanga na kuifunga ni ufundi kamili, wenye mazoezi yake na heshima yake, na moyo wa ufundi huo ni kumwandikia mtu ambaye hutakuwepo atakapokuhitaji.

Ili kuujua uzito wa kadi, ujue kwanza tabia ya muwa. Muwa ukishakatwa hausubiri. Sukari iliyomo huanza kupungua, na ukikaa juani zaidi ya siku moja au mbili unaanza kuchacha. Kwa hiyo, iwe Kilombero au Mumias, kiwanda hukimbizana na shamba mchana na usiku. Tena kiwanda cha sukari hujilisha chenyewe. Muwa ukipita kwenye vinu, makapi yake, ile bagasi, huwa kuni za boila. Boila hutoa mvuke, mvuke huzungusha tabaini za umeme na kuchemsha juisi. Pampu moja ya juisi ikifa, juisi haina pa kwenda. Vinu vikasimama, bagasi haiji, mvuke unashuka, na nje ya geti matrela ya miwa yanapanga foleni huku mkulima akihesabu hasara yake. Yote hayo yanaweza kuanzia kwenye beringi ya ukubwa wa sahani, inayolia saa 9 usiku.

Tumelelewa na methali ya ufa na ukuta. Methali inasema ufa uzibwe. Haisemi aliyeuona ni nani, alimwambia nani, na aliyeambiwa alikumbuka mpaka lini. Katika kiwanda chenye mamia ya mashine na zamu tatu kwa siku, aliyeuona ufa siye mwenye saruji, na mwenye saruji huingia kazini wakati aliyeuona amelala. Katikati yao kuna kadi.

Kadi ya "feni mbovu" humtoa fundi karakana akiwa mikono mitupu. Anafika, anaangalia, anarudi kuchukua spana. Anafungua, anagundua mkanda umekatika, anakwenda stoo. Mtunza stoo anamuuliza namba ya mkanda, hajui, anarudi kuisoma. Jua limeshapanda na hajafunga hata bolti moja. Siku ya fundi huliwa zaidi na kutembea kuliko kukaza nati, na kila hatua anayotembea bure ni neno ambalo mtu hakuliandika.

Hapo ndipo mratibu anapoonyesha kazi yake. Kabla kadi haijamfikia fundi, huenda mwenyewe kwenye mashine, akaisikiliza, akasoma kibati cha namba. Hupita stoo kuhakikisha kwamba beringi iliyoandikwa kwenye leja ipo kweli kwenye rafu na haijaota kutu ndani ya boksi lake. Huuliza kama winchi inahitajika, kama fundi umeme aje kwanza kukata waya za mota, na pampu ya akiba itabeba mzigo kwa saa ngapi. Kisha huandika hatua, vipuri na vifaa, moja baada ya nyingine. Mafundi wazuri hawaoni vibaya kupangiwa hivyo. Mmoja aliniambia kwamba kadi iliyopangwa vizuri humfanya ahisi kuwa kuna mtu alitangulia kumwashia taa.

Halafu kuna suala la haraka. Kila idara huandika "haraka" kwenye kadi yake, na kila moja inaamini hivyo kwa dhati. Mratibu hujiuliza maswali machache, kwa mpangilio usiobadilika: je, mtu anaweza kuumia? Je, uzalishaji utasimama? Je, inaweza kusubiri siku ya usafi, tunaposimama kutoa magamba kwenye vichemshio vya juisi? Kumwambia mkuu wa idara, kwa heshima na bila kuyumba, kwamba kadi yake itasubiri siku tisa kunahitaji ujasiri. Kuhakikisha siku ya tisa kadi hiyo inafanyika kweli ndiyo huwafanya watu wakuamini mara nyingine.

Lakini kuna kadi ambazo uzito wake hupimwa kwa roho za watu. Tarehe 6 Julai 1988, kwenye jukwaa la mafuta na gesi la Piper Alpha katika Bahari ya Kaskazini, upande wa Scotland, pampu moja ilikuwa imesimamishwa ili ifanyiwe matengenezo. Mchana, mafundi waliiondoa valvu yake ya usalama ili ikapimwe, na mahali pake wakafunga flenji ya kuziba. Kazi haikuisha kabla ya zamu kubadilishana. Karatasi ya valvu iliandikwa, lakini haikuwa pamoja na karatasi ya matengenezo ya pampu, na waliokuwa zamu ya usiku hawakujua kwamba valvu haipo. Pampu ya pili ilipozimika na kukataa kuwaka, waliiangalia karatasi waliyokuwa nayo ya pampu ya kwanza, wakaona matengenezo yake makubwa yalikuwa hayajaanza, wakaiwasha. Gesi ikavuja pale kwenye flenji na kulipuka. Watu 167 walikufa. Uchunguzi ulioongozwa na Lord Cullen ulitoa ripoti mwaka 1990 ikiwa na mapendekezo 106, na miongoni mwa mambo uliyoyakazia ni vibali vya kazi na namna zamu moja inavyoikabidhi nyingine.

Kila nikikumbuka habari hiyo, kinachonikaa kifuani ni kwamba karatasi ilikuwepo. Mtu aliiandika, akaitia saini, akaiacha. Haikumfikia tu aliyeihitaji. Ndiyo maana kwenye kiwanda chetu fundi alifunga kufuli lake mwenyewe kwenye swichi ya mashine kabla ya kuingiza mkono, ufunguo ukakaa mfukoni mwake, na namba ya kadi ikaandikwa kwenye kibao kinachoning'inia hapo. Wakifanya kazi watatu, makufuli huwa matatu. Mwenye zamu mpya hahitaji kumtafuta mtu wala kukisia. Mashine yenyewe inamwambia kwamba kuna mwenzake ndani.

Nirudi kwenye kadi ya mama wa zamu ya usiku, maana ilinifundisha jambo ambalo sikulipata darasani. Ule mstari wake kuhusu mwezi wa sita ulinituma kwenye kabati la kadi zilizofungwa. Nikaitoa ya Juni, nikakuta na nyingine ya Septemba. Zote mbili zilihusu pampu ileile, upande uleule. Zote mbili zilifungwa kwa maneno yaleyale: "Beringi imebadilishwa. Kazi imekwisha." Na chini ya zote mbili ilikuwepo saini yangu.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Mimi daftari nilikuwa nalo, na mali ilikuwa ikiisha, kwa sababu nilikuwa nafunga kadi bila kuzisoma. Nilizipanga zote tatu mezani, nikamwita fundi mzee wa karakana. Alizisoma polepole, miwani puani, kisha akauliza swali moja: "Mwanangu, masika kulifanyika nini pale?"

Viwanda vyetu vingi vya sukari husimama kusaga wakati wa masika, maana mashamba hulowa na trekta haziwezi kuingia. Wiki hizo ndizo za ovaholi: vinu hufunguliwa, shafti hunyanyuliwa, mabomba yaliyoliwa hukatwa na kuwekwa mapya. Mamia ya kadi hufunguliwa na kufungwa kabla ya muwa wa kwanza kurudi. Nikaitafuta kadi ya masika ya pampu namba 2. Iliandikwa: "Bomba jipya limefungwa."

Tukaenda pamoja. Pampu ilizimwa, kufuli likafungwa, naye akaanza kulegeza bolti za flenji pale bomba linapoungana na pampu. Ilipolegea ya mwisho, bomba liliruka pembeni kwa upana wa kidole na kubaki hapo, likitikisika. Mzee hakunyanyua hata sauti. "Pampu hii haiumwi," alisema. "Linaloumwa ni bomba." Lilikatwa fupi kidogo, na aliyelifunga aliyavuta matundu ya flenji kwa nguvu ya bolti hadi yakakutana. Tangu hapo bomba lilikuwa likiivuta pampu kila dakika, shafti ikapinda kidogo sana kiasi cha kutoonekana kwa jicho, na kila beringi tuliyoweka ililipa deni lisilo lake.

Sijawahi kumlaumu fundi yule wa masika, na hata leo simlaumu. Alikuwa na kadi kumi siku hiyo, na mvua ilikuwa ikinyesha. Kama angeandika maneno manne, "bomba limekuja fupi, limevutwa," mtu angelirekebisha mwezi uleule. Na mimi kama ningeisoma kadi ya Juni nikiwa na ya masika mkononi, ya Septemba isingekuwepo.

Faida ya kusoma kadi nyingi kwa pamoja ilijulikana zamani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mwanabiolojia Conrad Waddington alifanya kazi na kikosi cha ndege za pwani cha jeshi la anga la Uingereza. Ndege zile zilikuwa zikifanyiwa ukaguzi kila baada ya saa 50 za kuruka. Kumbukumbu za matengenezo zilipochambuliwa, zilionyesha jambo ambalo hakuna aliyelitarajia: hitilafu ziliongezeka mara tu baada ya ukaguzi, kisha zikapungua kadiri saa zilivyosonga. Mikono iliyofungua kilichokuwa kizima ilikuwa ikileta ubovu. Hakuna fundi mmoja mmoja ambaye angeweza kuliona hilo akiwa chini ya bawa la ndege. Lilionekana kwenye karatasi zake na za wenzake zilipowekwa pamoja, kwa sababu kila mmoja aliandika alichokikuta.

Siku hizi kadi nyingi zimehamia kwenye kompyuta na simu. Nafurahi, maana programu haipotezi karatasi, na hukukumbusha siku ya kutia grisi hata kama umesahau. Lakini nimeona pia skrini nzuri zilizojaa "imekamilika" kutoka juu hadi chini. Programu itatunza ulichoandika. Kuandika bado ni juu yako.

Pampu namba 2 ilirudishwa jioni ileile. Bomba lilikatwa na kuongezwa kipande, likakaa mahali pake bila kuvutwa, ndipo bolti zikapita kwenye matundu kwa vidole vitupu. Mzee aliomba kadi aifunge mwenyewe. Aliandika kwa herufi kubwa, kama mtu anayechonga:

"BERINGI IMEBADILISHWA. CHANZO NI BOMBA LILILOVUTWA TANGU MASIKA, LIMEREKEBISHWA. ATAKAYELIFUNGUA TENA ASILILAZIMISHE, ALIPIME KWANZA LIKIWA HURU. VIPANDE VIWILI VYA KUSAWAZISHIA VIMEBAKI, NIMEVIWEKA KWENYE KOPO NYUMA YA PANELI."

Mzee yule alistaafu mwisho wa msimu huo. Kadi niliirudisha kabatini pamoja na ile ya masika, ya Juni na ya Septemba, nikazifunga kwa uzi mmoja. Kopo nililiacha palepale nyuma ya paneli, likimsubiri mtu ambaye mimi na yeye hatumjui.