I Am Sam: Sean Penn kaibeba, kesi imeanguka

Niseme mapema ili usije ukanilaumu: kama unatafuta filamu ya mahakamani yenye kesi iliyosukwa vizuri, I Am Sam siyo hiyo. Ilitoka 2001, imeongozwa na Jessie Nelson, na inakwenda zaidi ya saa mbili. Lakini usiifute kwenye kompyuta yako bado. Ndani yake yumo Sean Penn, na limo kosa moja la kisayansi ambalo tunapaswa kulizungumza, maana limewahi kuharibu maisha ya watu halisi.

Kisa kwa kifupi: Sam Dawson anaishi Los Angeles, anafanya kazi Starbucks, ana ulemavu wa akili, na anamlea peke yake binti yake Lucy (Dakota Fanning). Lucy anapofika miaka saba, maofisa wa ustawi wa jamii wanamchukua. Hoja yao ni kwamba Sam ana akili ya mtoto wa miaka saba, kwa hiyo binti sasa anaanza kumpita baba. Sam anampata wakili wa bei kali, Rita Harrison (Michelle Pfeiffer), anayekubali kumtetea bure ili wenzake wasimwone mbinafsi.

Mpaka hapo kesi ni nzuri kabisa. Serikali ina swali la haki: huyu mtoto akianza hesabu ngumu, akiugua usiku, akibalehe, nani atamwongoza? Shida ni kwamba filamu haitaki kubishana na swali hilo. Wakili wa upande wa pili kachorwa kama mtu katili tu, na jibu la utetezi ni upendo, upendo, upendo. Nyimbo za Beatles zilizoimbwa upya na wasanii wengine zinaingia kila dakika kukukumbusha kwamba hapa unatakiwa kulia. Mwishoni mambo yanalainika kwa sababu mama mlezi (Laura Dern) ameguswa moyoni, siyo kwa sababu ushahidi umepimwa. Jamani, mahakama ilikuwa ya nini basi?

Sasa twende kwenye sayansi. Hiyo "akili ya miaka saba" imetoka wapi? Wafaransa Alfred Binet na Théodore Simon walitengeneza kipimo chao 1905 ili kuwatambua watoto wanaohitaji msaada shuleni, na 1908 wakapanga maswali kwa umri. Mwaka 1912 William Stern akapendekeza kugawa umri wa akili kwa umri halisi, na hapo ndipo IQ ilipozaliwa. Kwa mtoto wa shule, hesabu hiyo ina mantiki kiasi. Kwa mtu mzima inavunjika. Ukifaulu maswali sawa na mtoto wa miaka saba, haina maana kwamba wewe ni mtoto wa miaka saba. Wewe una miaka mingi ya kuishi, kufanya kazi, kulipa kodi ya nyumba na kujuana na watu.

Ndiyo maana leo wataalamu hawatoi uamuzi kwa namba ya IQ peke yake. Wanaangalia pia stadi za maisha: kufikiri na kusoma, kuishi na watu, na kujihudumia. Mwongozo wa DSM-5 wa 2013 unapima ukubwa wa ulemavu kwa stadi hizo, siyo kwa IQ. Rita angeweza kuisambaratisha hoja ya serikali kwa swali hilo moja. Filamu badala yake inaimeza namba saba kama ilivyo na kujenga kila kitu juu yake.

Cha ajabu, Penn anaijibu kwa mwili wake. Mwangalie akipanga vipakiti vya sukari mezani. Mwangalie Lucy anapokataa kusoma neno ambalo baba yake halijui, na Sam anavyomsihi alisome. Ndani ya uso ule kuna aibu, fahari na mamlaka ya mzazi kwa wakati mmoja. Mtoto wa miaka saba hana kitu hicho. Rafiki zake Sam wawili wanaigizwa na watu wenye ulemavu kweli, Brad Silverman na Joe Rosenberg, na Penn akiwa nao haonekani kama nyota aliyekuja kutembelea. Aliteuliwa kuwania Oscar; ilichukuliwa na Denzel Washington kwa Training Day. Sina ugomvi na hilo.

Kwa nini ninaikazania namba hii? Kwa sababu ya Carrie Buck. Mwaka 1927 Mahakama Kuu ya Marekani, majaji wanane dhidi ya mmoja, iliruhusu jimbo la Virginia kumfunga kizazi. Sehemu ya ushahidi ilikuwa "umri wa akili" wake: miaka tisa. Waliomfahamu baadaye waliona mwanamke wa kawaida kabisa. Binti yake Vivian, aliyehukumiwa akiwa kichanga kwamba naye ana kasoro, alifika shule na kuingia kwenye orodha ya wanafunzi bora kabla ya kufariki akiwa na miaka minane.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006, ambao Kenya na Tanzania zimeuridhia, unasema katika kifungu cha 23 kwamba mtoto asitenganishwe na mzazi kwa sababu ya ulemavu tu, na kwamba serikali imsaidie mzazi kulea. Hiyo ndiyo hoja iliyokosekana: Sam anahitaji msaada gani, na nani ampe?

Kwa hiyo itazame, ila mtazame Penn. Na siku ukisikia mtu akisema fulani "ana akili ya mtoto", muulize amepima nini.