Kaisari wa Uhabeshi na Mashahidi Wake

Kitabu cha Bwana Ryszard Kapuściński kiitwacho Cesarz, yaani Kaisari, kilipigwa chapa kwa Kipolandi mwaka 1978, na tafsiri yake ya Kiingereza ikatoka mwaka 1983. Habari zake ni za Haile Selassie, mfalme wa wafalme wa Uhabeshi, nchi iitwayo sasa Ethiopia, na jinsi alivyoondoshwa katika enzi yake na askari tarehe 12 Septemba 1974. Nimewasomea wanafunzi wangu sehemu zake, nao walisikiliza kimya, jambo ambalo si la kila siku. Lakini baada ya kukirudia mara ya tatu naona imenipasa kusema neno juu yake, maana kitabu kipendezacho namna hii huaminiwa upesi.

Mwandishi asema kwamba baada ya kuanguka ufalme aliwaendea kwa siri waliokuwa watumishi wa ikulu, kila mmoja akamsimulia kazi yake. Majina yao hayakuandikwa, ila herufi za kwanza tu. Mmoja kazi yake ilikuwa kupangusa viatu vya wakuu vilivyokojolewa na mbwa mdogo wa mfalme. Mwingine alichukua mito ya kuwekea miguu, kwa kuwa mfalme alikuwa mfupi na viti vya enzi ni virefu, wala haifai miguu ya mfalme ining'inie. Naye alikuwa na mito 52 ya unene mbalimbali. Tena tunaelezwa siku ya mfalme ilivyogawanywa: saa ya wachongezi, saa ya kutoa vyeo, saa ya mfuko wa fedha, saa ya mawaziri, saa ya hukumu. Wakuu waligongana vikumbo ili mfalme awatupie jicho tu. Sehemu hii ni bora kabisa. Sijasoma mahali pengine palipoonyesha wazi hivi jinsi mtu mzima apunguavyo akili kwa kungoja kutazamwa.

Walakini sikilizeni sauti za mashahidi hawa. Mpangusa viatu, mchukua mito na mshauri wa mambo ya serikali wote husema kwa lugha moja, yenye madaha na mizunguko ileile. Wajuao Kipolandi husema kwamba mwandishi amewavika maneno ya kale ya nchi yake mwenyewe, na Wapolandi wengi walipokisoma walidhani wanasomewa habari za serikali yao ya siku zile za Edward Gierek. Hilo si kosa kwa mtunga hadithi. Lakini mashahidi wa mambo yaliyotokea huwa na ndimi zao. Kiamhari kina namna zake za heshima, na mtumishi hasemi kama waziri, kama vile kwetu mpishi na kadhi hawasemi namna moja. Mtu akitaka kukifasiri kitabu hiki kwa Kiswahili, atakwama papo hapo: ampe kila mmoja lugha ya cheo chake, aache alichoandika mwandishi, au awape wote lugha moja, na msomaji wa pwani atacheka.

Liko jambo zito zaidi. Shahidi mmoja asema kwamba mfalme hakusoma wala hakuandika, bali alitawala kwa kinywa tu, na Waziri wa Kalamu akiinama kusikiliza. Mwandishi ameliacha neno hili lipite bila kuonya. Haile Selassie alipokuwa mtoto huko Harar alifundishwa na wamisionari Wakapuchini, akajua Kifaransa, na baadaye akatunga habari za maisha yake kwa Kiamhari. Mimi niliyefunzwa kusoma na wamisionari siwezi kulichukua jambo hili kuwa dogo. Wala ufalme wake haukuwa wa kinywa tu. Ulikuwa na katiba ya mwaka 1931, na nyingine ya mwaka 1955, ambayo iliandika kwamba nafsi ya mfalme ni takatifu na mamlaka yake hayana wa kuyabishia. Enzi isiyo na mpaka iliwekwa kwa wino na kupigwa mhuri, na wasomi ndio walioiandika. Tukiamini kwamba ilikaa juu ya ujinga wa mzee mmoja, tutadhani shule ni dawa yake.

Na kilichoiangusha hakikuwa ikulu. Katika mikoa ya kusini, iliyotwaliwa na majeshi ya Menelik II mwishoni mwa karne ya 19, wakulima wengi walikuwa wapangaji, wakimpa mwenye shamba theluthi au hata nusu ya mavuno. Wanafunzi wa Addis Ababa waliandamana mwaka 1965 wakitaka ardhi iwe ya mlimaji. Mwaka 1973 njaa ya Wollo ikaua watu makumi elfu, nayo ikafichwa. Januari 1974 askari wa Negele waliasi kwa ajili ya chakula kibovu na maji. Jenerali aliyetumwa kwao wakamshika, wakamlisha walacho wao. Mwezi uliofuata madereva wa teksi waligoma kwa bei ya petroli, na walimu nao wakagoma. Katika kitabu mambo ya namna hii husikika kutoka dirishani mwa ikulu, kama ngoma ya mtaa wa pili.

Juu ya walioingia mahali pa mfalme kitabu kina machache. Walijiita Derg, neno la Kigeezi lenye maana ya kamati. Novemba 1974 waliwapiga risasi wakuu wapatao 60 bila hukumu ya mahakama. Machi 1975 waliitwaa ardhi yote ya mashamba na kufuta kodi ya mpangaji, tendo ambalo wafalme hawakuthubutu. Agosti mwaka huohuo mfalme akafa mikononi mwao. Tangu 1977 kamati ikawa mtu mmoja, Mengistu Haile Mariam, hata 1991; mifupa ya mfalme ilifukuliwa ikulu mwaka 1992, ikazikwa kwa heshima mwaka 2000.

Nilipomaliza kusoma habari za mbwa na viatu, darasa lote lilicheka, ila kijana mmoja wa nyuma. Akauliza: Mwalimu, chakula cha nyumba hiyo kililimwa na nani? Nilifungua kitabu tena mbele yao nikitafuta mlimaji mmoja aliyepewa herufi yake, kengele ikalia sijampata.