Milton na Hesabu ya Mwaka wa 23

Mashairi ya kuaga mwaka yana desturi yake. Mshairi huanza kwa kumshukuru Mungu kwa uhai, akayataja aliyoyapata na aliyoyakosa, akaomba radhi kwa aliowakosea, kisha akafunga kwa azma ya mwaka ujao. Vijana wa vyuoni hawako nyuma katika utunzi huu, kwani kwao mwaka hupimwa kwa mitihani na kwa daraja, na mwisho wake huja na suala lisilokwepeka: umefika wapi? Desturi hiyo haina ubaya. Ubaya hutokea pale hesabu inapotengenezwa ili isomwe na watu, faida ikawekwa juu na hasara ikafunikwa kwa dua. Kwa sababu hiyo yafaa kulirejea shairi moja la Kiingereza, la mistari 14 tu, ambalo kijana msomi alilitunga kuufunga mwaka wake wa umri, na ambamo hakuorodhesha hata jambo moja alilolipata.

Kijana huyo ni John Milton. Alizaliwa London tarehe 9 Disemba 1608, mtoto wa mwandishi wa hati za kisheria ambaye pia alikuwa mtunzi wa muziki. Alipokelewa Christ's College, Cambridge, mwaka 1625, akapata shahada ya kwanza mwaka 1629 na ya pili Julai 1632. Shairi lenyewe, linalohesabiwa kuwa soneti yake ya saba, linasema kwamba Wakati umemwibia mwaka wake wa 23. Wataalamu wamegawika juu ya maana ya maneno hayo. Wako wanaosema ni Disemba 1631, alipoukamilisha mwaka huo naye yungali chuoni. Wengine husema ni Disemba 1632, alipokuwa amekwisha kutoka chuoni kwa miezi mitano. Khitilafu hiyo haibadili jambo la msingi. Shairi ni hesabu ya mtu aliyepewa miaka saba ya kusoma, na sasa anajiuliza miaka hiyo imezaa nini.

Sehemu ya kwanza ya soneti, yaani mistari minane, ni mashtaka. Wakati ni mwizi mwenye mbawa, na hila yake ni upole: huiba bila ya mwenye mali kuhisi. Siku zinakwenda mbio kama farasi aliyeachiwa hatamu, ilhali majira ya kuchipua ya kijana huyu yanakaribia kwisha pasi na kuonesha tumba wala ua. Kisha anaongeza jambo la aibu zaidi: sura yake inamdanganya mtazamaji. Anaonekana mdogo kuliko alivyo, na ule upevu wa ndani ambao wenziwe wamejaaliwa mapema, kwake hauonekani hata kidogo.

Hapa msomaji wa visiwani inampasa atulie. Mfasiri mwenye haraka ataandika kwamba masika ya Milton hayakutoa maua, lakini masika yetu ni majira ya mvua, na miti yetu haikuwa uchi kabla yake. Uingereza miti mingi hupukutika majani na kukaa mitupu miezi ya baridi, hata mtu asiweze kuutambua ulio hai na uliokufa. Majira ya kuchipua ndiyo yanayotoa hukumu. Mti usiochipua mpaka majira hayo yanakaribia kwisha hutiliwa shaka kuwa umekufa. Mfano ulio karibu zaidi nasi ni mkarafuu. Mkulima wa Pemba huutazama mti kwa hofu iyo hiyo, akitafuta matumba. Lakini yeye anajua jambo ambalo Mwingereza hakulihitaji: karafuu huchumwa ikiwa bado tumba, na ile iliyochanua hupoteza thamani. Kwa hiyo msomaji wa Pemba anavitenga vitu viwili, tumba na ua, ambavyo msomaji wa Cambridge angevipita kwa pamoja. Akivitenga, ataona ukali wa kauli. Milton hakusema kuwa ahadi yake haijatimia. Alisema kuwa hata ahadi yenyewe haijaonekana.

Je, ni kweli? Mtu akitazama kazi zake, jibu ni hapana. Mwaka 1628, katika hafla ya chuo wakati wa likizo, aliiacha hotuba yake ya Kilatini na kuisalimu kwa beti lugha yake ya mama, akitamani siku moja aitumie kwa jambo zito. Krismasi ya 1629 alitunga utungo mrefu wa kuzaliwa kwa Yesu, ambao hadi leo umo katika kazi zake zinazosifiwa. Shairi lake juu ya Shakespeare, alilolitunga mwaka 1630, lilichapishwa bila ya jina lake mwaka 1632. Basi msomaji ana haki ya kushuku kwamba huo ni unyenyekevu wa kujitia, ule wa mshairi anayejiita mjinga katika ubeti wa kwanza ili asifiwe katika wa mwisho.

Shuku hiyo inajibika. Kipimo alichojipimia hakikuwa wingi wa beti. Kilikuwa ile ahadi ya 1628, ya kubeba kwa Kiingereza jambo kubwa lenye kulingana na tenzi za wahenga wa Kiyunani. Kwa kipimo hicho, kazi tatu nne nzuri hazikuwa hata tumba. Kijana anayejipima kwa wenzake hupata hesabu moja, na anayejipima kwa aliyojiahidi hupata nyingine, iliyo ngumu zaidi. Milton aliwataja wenzake kwa nusu mstari tu, kisha akawaacha.

Umbo la shairi linaisaidia maana. Soneti ya namna hii ilitoka Italia, na mistari yake minane ya mwanzo ina vina viwili tu vinavyozunguka, kama mtu anayetembea chumbani akiligonga lile lile ukutani. Msomaji aliyelelewa na tarbia, mwenye kukisubiri kituo kirejee, atashangaa: soneti hairejei, bali hugeuka. Mstari wa tisa unaanza kwa neno la kupinga, na vina vyote vinabadilika. Sasa kijana anasema kwamba upevu huo, uwe mdogo au mkubwa, uje mapema au uchelewe, utalingana sawasawa na fungu alilokadiriwa, liwe duni au la juu, ambako anaongozwa na Wakati pamoja na matakwa ya Mbingu. Yule aliyekuwa mwizi katika mstari wa kwanza, katika mstari wa 12 amekuwa kiongozi wa njia. Hilo ni geuko kubwa, na limefanywa bila ya kelele.

Lakini geuko hilo lina gharama yake. Taswira zote zinatoweka. Mbawa, farasi, tumba na ua vyote vimebaki nyuma, na mahali pao pamejaa maneno ya vipimo. Wapo wanaoihesabu sehemu hii kuwa ni utulivu wa imani. Wanaoona kuwa ni ukavu wana hoja pia, kwani msomaji haoni chochote, anaambiwa tu. Huenda hilo ndilo linalodhihirisha kuwa utulivu wenyewe haujakaa sawa moyoni.

Ushahidi mkubwa umo katika mistari miwili ya mwisho, ambayo mara nyingi husomwa kwa pupa. Kijana anasema kwamba yote yako mbele ya macho ya msimamizi wake mkuu, ila ametanguliza sharti: ikiwa atajaaliwa neema ya kuyatumia hivyo. Bila ya sharti hilo shairi ni dua iliyokwisha kujibiwa. Kwa sharti hilo hesabu imeachwa wazi. Tena neno analomtajia Mungu si neno laini. Katika Biblia ya Kiingereza iliyotolewa mwaka 1611, neno hilo hilo ndilo waliloitwa wasimamizi wa Misri waliowatumikisha Wana wa Israili. Mfasiri akiandika «Mola» au «Mlezi» atakuwa amempa Milton faraja ambayo hakuiomba. Neno la Kiswahili linalolikaribia ni msimamizi wa kazi, na mwenye ujasiri ataandika mnyapara. Kila aliyesikia habari za mashamba ya zamani anajua mnyapara hutazama kwa jicho gani, na haulizi unajisikiaje. Huuliza kazi iko wapi.

Washairi wa pwani wanaijua hesabu ya namna hii. Katika Al-Inkishafi, Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir anausemesha moyo wake na kuuonesha magofu ya Pate ili uache kughurika na dunia. Mashairi hayo mawili yote ni ya mtu kujihasibu, ila yanatofautiana kwa dhambi inayohasibiwa. Moyo wa Al-Inkishafi umeshikamana mno na dunia, ndipo ukaoneshwa kifo. Moyo wa Milton unaogopa kwamba haujaanza kazi, na kifo hakitajwi humo hata kwa ishara.

Barua moja inaufafanua woga huo. Katika muswada wa mkono wake uliohifadhiwa Trinity College, Cambridge, mna rasimu mbili za barua kwa rafiki ambaye jina lake halikuandikwa. Rafiki huyo alimlaumu kwa kuzipoteza siku zake katika vitabu, na Milton akaitia soneti hii ndani ya jibu lake. Humo anaitaja mifano miwili ya Injili inayovutana: mtumishi aliyeadhibiwa kwa kuizika talanta yake, na vibarua walioajiriwa mwisho katika shamba la mizabibu ambao hawakupunguziwa ujira. Mfano wa kwanza unasema, fanya haraka. Wa pili unasema, kuchelewa si hasara. Soneti imesimama kati ya mifano hiyo, na hapo ndipo thamani yake ilipo.

Ndiyo maana si haki kuisoma kwa kuutazama mwisho wa maisha ya mtunzi. Ni kawaida kuambiwa: tazameni, alichelewa, lakini mwaka 1667, akiwa na umri wa miaka 58 na kipofu kwa miaka 15, alitoa Paradise Lost; basi subira ilimlipa. Kijana wa Disemba ile hakuyajua hayo. Alichokuwa nacho ni mwaka uliokwisha na sharti lisilo na jibu. Wala haikuwa lazima jibu lije. Edward King, aliyesoma naye chuo kile kile na kutunga naye mashairi, alizama Agosti 1637 katika bahari iendayo Ireland, akiwa na umri wa miaka 25. Milton alimtungia Lycidas, iliyochapishwa mwaka 1638, na humo alikiri kwamba kifo hukata uzi wakati mtu anapotaraji kung'ara. Mwizi wa soneti ya saba alikuwa mwizi kweli.

Upungufu mmoja wa shairi hili hauna budi kutajwa. Hamna mtu mwengine ndani yake. Makunduchi, watu wanapoufunga mwaka wao kwa Mwaka Kogwa, hupigana hadharani kwa migomba ili chuki za mwaka mzima zimalizwe mbele ya wote, na kibanda huchomwa moto. Huko mwaka ni deni baina ya watu. Kwa Milton ni deni baina ya mja na msimamizi wake, na wale aliosoma nao, waliomlipia ada na waliomfundisha hawana fungu katika hesabu. Shairi la kuaga mwaka likiwasahau hao huwa limehesabu nusu.

Hata hivyo, nusu hiyo imehesabiwa kwa ukweli. Kijana wa chuo anayekaa kuandika mwezi wa Disemba, huku matokeo yake yakiwa mkononi, anaweza kujifunza humo mambo mawili: kuutaja upungufu kwa jina lake kabla ya kuomba lolote, na kutoifunga kwa furaha hesabu ambayo bado haijafungwa. Neno «ikiwa» katika mstari wa mwisho kasoro mmoja lina uzito kuliko shukrani nyingi zinazotungwa kwa sababu tarehe imefika.