Enzi ya Mji na Uhuru wa Mtu: Kutoka kwa Muyaka hadi Sauti ya Dhiki

Madarasani na katika baadhi ya tahakiki zetu imekuwa desturi kumwita Muyaka bin Haji mshairi wa uhuru. Hoja yenyewe ni nyepesi. Muyaka, aliyefariki mnamo 1840, aliishi Mvita zama za utawala wa Wamazrui, mji ulipokuwa ukishindana na Seyyid Said wa Omani. Aliutumia ulimi wake kuwatia watu moyo na kuwakejeli maadui. Basi yeye, husemwa, ndiye babu wa washairi walioiimba bendera mwaka 1963. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba ukoo huo umeunganishwa kwa uzi mbovu, na kwamba ubovu umo katika neno uhuru, ambalo tumelitwika mizigo miwili isiyolingana.

Katika Kiswahili cha mwambao cha karne ya 19, huru ilikuwa kwanza sifa ya mtu. Kinyume chake kilikuwa mtumwa. Bwana humwacha mtumwa wake huru, naye akaondoka na hati yake. Mji ulikuwa na jambo jingine: ulikuwa na enzi au haukuwa nayo, ulikuwa na wenyewe, au wageni walikuwa wameshika ngome. Anayeona kwamba tofauti hii ni ya watunga kamusi peke yao na akumbuke kwamba Mvita ile iliyokataa kumtii Seyyid Said ilikuwa imejaa watumwa, na kwamba hali ya utumwa haikufutwa kisheria katika mwambao wa Kenya ya leo hadi mwaka 1907. Enzi ilikuwako, uhuru wa wengi haukuwako, na mambo hayo mawili yalikaa nyumba moja bila ya kugombana.

Tukiyasoma mashairi ya vita ya Muyaka, katika diwani ya Hichens (1940) au katika kitabu cha Mohamed H. Abdulaziz (1979), tunaona kwamba anachokitetea ni enzi. Anausifu mji kwa ugumu wake na kwa watu wake, na anawakumbusha jirani cheo chake. Adui naye si mmoja. Mnamo 1812 Mvita na Pate walishindwa na Lamu katika vita vya Shela, na baada ya hapo Lamu ikajiegemeza kwa Omani. Upande wa Lamu alikuwako Bwana Zahidi Mgumi, aliyejibizana na Muyaka kwa mashairi. Yafaa tulitazame jambo hili kwa makini kuliko tulivyozoea. Wawili hao hawakuwa na mfalme mmoja, na majeshi ya miji yao yalikuwa yameuana ufukweni. Lakini fumbo la mmoja lilifumbuliwa na mwenzake bila ya mkalimani. Lugha ilikuwa moja na dola zilikuwa mbili. Mhakiki anayemfanya Muyaka kuwa msemaji wa taifa moja hana budi kumficha Zahidi, na kwa maoni yangu hilo ni kosa la uhakiki kabla halijawa kosa la historia.

Enzi, tofauti na uhuru, ni kitu kinachoweza kugawanywa. Mwaka 1824 Wamazrui, walipoona mkono wa Seyyid Said umewakaribia, walimkubalia Kapteni Owen wa jeshi la majini la Uingereza kuuweka mji chini ya ulinzi wa nchi yake. Masharti yake yanafundisha: utawala ubaki katika ukoo wa Mazrui, mjumbe wa Waingereza akae mjini, mapato ya forodha yagawanywe nusu kwa nusu, biashara ya watumwa ikome. Huo ulikuwa ushirikiano wa dola mbili zisizolingana, na ndani yake sharti moja tu ndilo lililogusa uhuru kwa maana yake ya zamani, nalo halikutoka kwa wenye mji. Serikali ya Uingereza haikuuidhinisha mkataba huo, na mwaka 1826 Waingereza waliondoka. Mwaka 1837 Seyyid Said aliushika mji.

Katika Kiswahili, ulinzi wa aina hiyo huitwa himaya, neno la Kiarabu lenye maana ya kulinda na kuhifadhi. Leo wanafunzi wetu wakisoma habari za Warumi huandika Himaya ya Kirumi, na hakuna anayeshtuka. Neno la ulinzi limekuwa neno la milki kubwa inayowameza wengine. Sijui lugha nyingi zilizoieleza historia yao kwa ufupi namna hiyo. Wala si bure kwamba mashairi ya Muyaka yenyewe yaliokolewa katika miaka ya himaya: Mwalimu Sikujua aliyakusanya pamoja na mmishonari W. E. Taylor mwishoni mwa karne ya 19, wakati ambapo kampuni ya Waingereza, na kisha serikali yao tangu 1895, ilikuwa ikiushika mwambao kwa jina la Sultani wa Unguja.

Matokeo ya himaya katika lugha yanasomeka wazi Mwembe Tayari. Jina la mahali hapo, kama lisimuliwavyo mjini, latokana na mwembe ambao chini yake watu walijiweka tayari kwa safari ya bara. Hapo pana sanamu za askari zilizosimamishwa baada ya vita vya 1914–1918 kwa ukumbusho wa askari na wapagazi wa Kiafrika. Maandishi ya ukumbusho huo, ambayo ni yaleyale ya Nairobi na Dar es Salaam na ambayo husemwa yalitungwa na Rudyard Kipling, yanaahidi kwamba anayeipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Wapagazi wale hawakuandikwa majina yao hapo, na ahadi imebaki bila ya mtimizaji. Lakini kwa msomaji wa lugha shida kubwa zaidi ni neno nchi. Nchi ya nani? Kwa sheria, kisiwa kilikuwa cha Sultani. Kwa amri, kilikuwa cha Mwingereza. Na aliyekufa yawezekana alitoka mbali na bahari. Mwaka uleule wa 1914 Wagiriama, ambao Mekatilili wa Menza alikuwa amewaapisha wasikubali kutoa vijana wao wakafanye kazi ya wageni, walipigana na serikali. Hao ndio waliopigania nchi kwa maana ambayo Kiswahili cha kawaida kingeielewa, na sanamu hazikusimamishwa kwa ajili yao.

Ndipo tufike 1963. Mwezi wa Oktoba mwaka huo ziliandikwa hati mbili ambazo walimu wa historia huzitaja kwa pumzi moja, nasi tungefanya vyema kuzitenga. Tarehe 5 Jomo Kenyatta na Mohammed Shamte, Waziri Mkuu wa Zanzibar, waliandikiana barua: dini itaheshimiwa, mahakama za Kadhi zitadumu, Kiarabu kitaendelea kufundishwa watoto wa Kiislamu, hati za ardhi zitatambuliwa. Tarehe 8 ukatiwa saini London mkataba ambao kwao Sultani aliiachia Kenya mwambao wote. Hati ya pili yahusu enzi. Ya kwanza yahusu watu na haki zao. Waliodai Mwambao ujitawale waliikosa enzi, wakapewa barua. Waandishi wa hati hizo walijua vizuri kwamba hayo ni mambo mawili. Sisi tulipofika Desemba 12 tuliyaita yote Uhuru, kwa herufi kubwa.

Aliyelipa gharama ya kuchanganya huko ni mshairi wa mji uleule. Abdilatif Abdalla alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu mwaka 1969 kwa sababu ya kijitabu kilichouliza Kenya inakwenda wapi. Mashairi aliyoyatunga gerezani yalichapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, na mwaka 1974 yakapewa tuzo yenye jina la Jomo Kenyatta, rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga. Kejeli hiyo imesemwa mara nyingi. Kilichosemwa kidogo ni kwamba diwani hiyo inalirudisha neno huru mahali pake pa kale, yaani katika mwili wa mtu mmoja ambaye ama amefungwa ama hakufungwa. Dola ilikuwa na enzi kamili siku ile mlango wa chumba chake ulipokomewa. Bahari zake ni zile walizozitumia wakubwa wa Mvita, na msamiati wake ni wa Kimvita kindakindaki. Lakini kumweka katika safu moja na Muyaka kwa sababu ya mji na bahari ni kusikia sauti na kuacha maneno. Muyaka alisema kwa niaba ya wenye ngome. Abdilatif alisema akiwa ndani ya kuta za wenye ngome.

Mchanganyo huu umetudhuru pia katika ushirikiano wa mataifa. Mwaka 1960 Nyerere alisema yuko radhi kuuchelewesha uhuru wa Tanganyika ili nchi za Afrika Mashariki ziingie katika shirikisho pamoja. Kwa anayesoma uhuru kuwa kinyume cha utumwa, maneno hayo ni wazimu, kwani nani atakawia kutoka utumwani amngojee jirani? Kwa anayesoma enzi, ni hesabu ya busara. Tarehe 5 Juni 1963 Kenyatta, Nyerere na Obote waliahidi shirikisho kabla ya mwaka kwisha, halikupatikana. Jumuiya ya 1967 ilivunjika 1977, na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hadi 1983. Kila tulipoombwa kutoa sehemu ya enzi tulisikia tunaombwa kutoa uhuru, na uhuru hautolewi. Sisemi kwamba neno peke yake lilivunja Jumuiya, kwani palikuwako fedha, siasa na Idi Amin. Wala sisemi kwamba hofu ilikuwa ya bure. Anayekumbuka historia ya neno himaya ana haki ya kuuliza nusu ya forodha itarudi lini.

Mkataba wa Jumuiya mpya, uliotiwa saini Arusha mwaka 1999, unataka Kiswahili kikuzwe kiwe lugha ya mawasiliano ya watu wote wa nchi wanachama. Basi mfasiri wa mikataba hiyo atahitaji neno la enzi ya dola, na wapo wanaopendekeza mamlaka kamili, wengine ukuu wa dola. Mimi naliunga mkono enzi, kwa kuwa ni fupi na ni letu, na kwa kuwa halijawahi kumsahaulisha msikilizaji kwamba nyuma yake yupo mwenye enzi, ambaye yafaa ajulikane ni nani. Katiba ya Kenya ya 2010, katika ibara yake ya kwanza, imemtaja: ni wananchi wa Kenya.