Sambusa haina kosa, tuangalie ndani yake

Bandugu, mara mingi nasikia watu waliosoma wakisema: "Sambusa ni mafuta tupu, inaharibu afya." Mimi siko upande wao. Lakini siko pia upande wa wale wanaosema: "Paka tumbo ijae."

Mwaka wangu wa kwanza wa masomo, sambusa mbili na chai ya sukari njo ilikuwa chakula yangu mpaka mangaribi. Siku moja, katikati ya mtihani, mikono ikaanza kutetemeka, macho ikaingia giza. Nilizani ni woga. Kumbe ni njaa.

Tuhesabu kidogo. Gramu moja ya mafuta inatoa kalori 9. Ya unga ao ya protini, 4. Kwa mwanafunzi anayetembea kwa miguu toka ngambo ya gare, ile nguvu si ya kuzarau. Lakini nguvu ni kitu kimoja, kujenga mwili ni kingine. Ukipasua sambusa nyingi za hapa Kamina, unakuta ngozi nene, na ndani viazi na kitunguu kidogo. Ni wanga ndani ya wanga.

Haikukuwa hivyo tangu zamani. Ibn Battuta, aliyefika Delhi katika karne ya 14, aliandika juu ya sambusa ya nyama ya kusaga, lozi na vitunguu. Viazi havikuwako bado India. Vilitoka Amerika, vikafika nyuma.

Mutasema nyama ni bei. Kweli. Lakini maharagi je? Ngano inakosa lizini, maharagi iko nayo mingi: vinasaidiana. Ao samaki ndogo ya kukausha ya Kinkondja, kidogo tu.

Tena mafuta. Yakikosa moto ya kutosha, unga unayanywa. Na mawese tukiyachoma mpaka yageuke meupe, tunaua ile rangi nyekundu ambayo mwili unageuza vitamini A.

Simlaumu mama muuzaji. Yeye anapika kile tunanunua. Lawama ni yetu sisi wenye diploma: tunabishana juu ya afya ya inchi, lakini hatumuulizi hata siku moja, "Mama, ndani kuko nini?"

Kesho, umuulize. Wengi tukiomba ya maharagi, atapika ya maharagi. Na wewe, ya kwenu wanaweka nini ndani?