Mita za Kuchimba na Lita za Kunywa: Kujikosoa Kuhusu Visima vya Momela

Katika taarifa zetu za utekelezaji ipo safu ambayo kila kada anaijua: "visima vilivyochimbwa". Namba husomwa, makofi hupigwa, na mkutano husonga mbele kwenye barabara na madarasa. Sisi tunasema kwamba safu hiyo, kama ilivyo leo, inaficha mengi kuliko inayoyaeleza. Na mahali panapoionyesha kasoro hiyo waziwazi ni Momela, mashariki ya Mlima Meru, ambako mgeni huja kupiga picha za heroe kandokando ya maziwa, na mwenyeji hutafuta ndoo moja ya maji anayoweza kumpa mtoto bila wasiwasi.

Tuanze na hali halisi ya ardhi yenyewe, maana uchambuzi usioanzia hapo ni porojo. Maelfu ya miaka iliyopita ubavu wa mashariki wa Meru ulibomoka. Mawe, majivu na matope ya volkano yaliporomoka hadi tambarare, yakaacha vilima vidogovidogo na mabonde, na ndani ya mabonde hayo ndimo yalimo maziwa ya Momela. Miamba hiyo ina madini ya floraidi kwa wingi. Maji yake yana magadi mengi na chokaa kidogo. Na chokaa ndiyo ambayo ingeikamata floraidi na kuitupa chini. Kwa hiyo floraidi hubaki ndani ya maji. Wanasayansi waliochapisha utafiti wao mwaka 1984 walikuta mito na chemchemi za mitelemko ya Meru zenye makumi ya miligramu kwa lita moja, na maziwa ya magadi yenye mamia. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5.

Wazee wa sehemu hizi hawakuwa wajinga wa maji. Jina Engare Nanyuki, kwa Kimaasai, ni maji mekundu. Waliyaona, wakayapa jina. Lakini floraidi haina rangi, haina harufu, na haina ladha ya kumwonya mtu. Inaonekana baadaye, katika meno ya mtoto yaliyobadilika rangi kuwa kahawia, na kwa aliyekunywa miaka mingi, katika mifupa iliyokakamaa na miguu iliyopinda.

Sasa tuingie katika gharama. Kuchimba kisima kirefu ni kazi ya kubahatisha kwa fedha. Kuna kupima ardhi, kuleta mtambo, mafuta ya dizeli, keekee zinazoisha kwenye mwamba mgumu, mabomba ya kuzuia kuta zisibomoke, kisha kuvuta maji kwa pampu saa nyingi ili kujua kisima kinatoa kiasi gani. Kipimo cha umeme kinachopitishwa ardhini chaweza kusema kwamba chini kuna maji. Hakisemi maji hayo yana floraidi kiasi gani. Jambo hilo hujulikana baada ya fedha kwisha kutumika. Na hapa kuna mkinzano ambao taarifa zetu haziutaji: tukikosa maji mazuri juu, silika yetu ni kuchimba zaidi, lakini maji yaliyokaa muda mrefu ndani ya miamba ya namna hii mara nyingi yameyeyusha floraidi nyingi zaidi. Kila mita inaongeza gharama, na inaweza kuongeza sumu pia.

Ni vizuri kulinganisha na wachimbaji wa mafuta, ingawa hatuwapendi kwa mengi. Huko Marekani, katika Bakken ya North Dakota na Permian ya Texas, makampuni hutoboa miamba ya udongo uliogandamana na kuipasua kwa maji yenye shinikizo ili mafuta yatoke. Kisima kimoja hugharimu mamilioni ya dola, na mtiririko wake kwa kawaida hushuka zaidi ya nusu katika mwaka wa kwanza. Kwa muda mrefu wakuu wa makampuni hayo waliwatangazia wenye hisa idadi ya visima na mtiririko wa siku za mwanzo. Bei ya pipa iliposhuka kutoka zaidi ya dola 100 mwaka 2014 hadi chini ya dola 30 mwanzoni mwa 2016, makampuni mengi yalifilisika. Mafuta chini ya ardhi hayakupungua hata debe moja kwa sababu ya bei. Kilichopungua ni yale yanayoitwa akiba, kwa kuwa akiba ni kile kinachoweza kutolewa na kutumika kwa gharama inayovumilika. Hata sisi tunalo somo letu la nyumbani: gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, ikaanza kufika Dar es Salaam mwaka 2004. Miaka thelathini ilipita kati ya kupata na kutumia.

Lakini bepari wa mafuta ana jambo moja ambalo sisi hatuna. Akichimba asipate kitu, mhasibu wake huandika hasara. Kisima kikavu ni kisima kikavu. Sisi tukichimba tukapata maji yasiyonyweka, tunaandika ushindi, kwa sababu yanatoka!

Tuchukue hesabu ya mfano tu. Tuseme visima vinne vimechimbwa, kila kimoja kwa shilingi milioni 40, vyote vikatoa maji, ila kimoja tu ndicho chenye maji yaliyo ndani ya kiwango. Taarifa itasema: visima vinne, milioni 40 kila kimoja, utekelezaji asilimia mia moja. Mwanafunzi wa darasa la saba anaweza kuona kwamba kisima cha maji ya kunywa kimegharimu milioni 160. Na kama hicho kimoja ndicho chenye mtiririko mdogo kuliko vyote, basi hata milioni 160 ni hesabu ya kujipendelea.

Historia ya kiwango chenyewe inafaa isomwe na kila mwanafunzi wa siasa. Mwaka 1971 nchi ilijiwekea lengo kwamba ifikapo 1991 kila mwananchi wa kijijini apate maji safi ndani ya mita 400. Lilikuwa lengo la heshima. Mwaka 1974 vikatolewa viwango vya muda vya maji, na floraidi ikaruhusiwa hadi miligramu 8. Hatuwalaumu waliofanya hivyo. Katika sehemu nyingi chaguo lililokuwapo lilikuwa maji hayo au kukosa maji kabisa. Baadaye kiwango kilishushwa hadi 4, na mwaka 2018 hadi 1.5. Maana yake ni kwamba kisima kilichozinduliwa kwa ngoma katika zama za 8 kinaweza kuwa leo nje ya kiwango mara tano, na maji yake ni yaleyale. Je, kimeondolewa katika idadi? Jiwe lake la msingi bado linasomeka.

Siku hizi suala hili limekuwa la haraka zaidi. Kwa fedha za mkopo wa mwaka 2021 wa Shirika la Fedha la Kimataifa, Serikali ilinunua mitambo 25 ya kuchimba visima kwa ajili ya mikoa, na ikafuata programu ya visima 900, vitano kwa kila jimbo. Tunaiunga mkono mitambo hiyo. Kuwa na keekee yako mwenyewe badala ya kukodi kwa mfanyabiashara ni hatua. Ila vitano kwa kila jimbo ni mgawanyo wa haki kwa majimbo tu, kwa sababu miamba haikugawanywa kwa majimbo.

Wapo watakaotujibu kwamba floraidi huondolewa. Ni kweli, na kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimefanya kazi hiyo kwa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa ikawa mkaa wa kuchujia. Lakini mkaa huo huchoka, lazima ubadilishwe, na asiyepima hajui umechoka lini. Gharama hiyo haimo katika bei ya mita. Kuchemsha hakusaidii: maji hupungua kwa mvuke, floraidi inabaki palepale. Na mama anayelainisha maharage kwa magadi ya kuokota, ambayo nayo yana floraidi, anaongeza bila kujua kile tunachojaribu kupunguza.

Tunaona njia iliyo bora zaidi katika kuchanganya. Chukua maji ya kisima yenye miligramu 6 na maji ya chemchemi yenye nusu miligramu. Ndoo mbili za kisima kwa ndoo tisa za chemchemi zitatoa 1.5 kamili. Angalia hesabu hiyo vizuri: thamani iko katika zile tisa. Anayetaka kuzalisha maji ya kunywa Momela atakwenda kwanza kutafuta na kupima chemchemi za juu, ambako maji hayajakaa sana na mwamba, atailinda misitu yake, kisha ndipo aulize kisima kisaidie kiasi gani. Longido walikosa maji ya kutosha kwao, wakavuta bomba kutoka mto Simba, chini ya Kilimanjaro. Mradi mkubwa wa jiji la Arusha, wa shilingi bilioni 520, uliokusudiwa kupandisha uzalishaji kutoka lita milioni 40 hadi milioni 200 kwa siku, ulikwenda kutafuta visima hadi Hai. Jiji lilikubaliwa kufuata maji mazuri yaliko. Kwa nini kijiji kiambiwe kichimbe pale kilipo?

Hatusemi visima vya floraidi vifukiwe. Vinafaa kufulia na kujengea, kwa kupimwa vinaweza kufaa mashamba ya nyanya ya Ngarenanyuki, na ndoo ya chemchemi isiyotumika kufulia ni ndoo iliyobaki kwa kunywa. Kinachotakiwa ni kuviita kwa jina lake. Tunapendekeza safu ile ya taarifa ikatwe iwe nne: mita zilizochimbwa, lita kwa saa baada ya kuvuta kwa pampu, miligramu za floraidi, na tarehe ya kipimo cha mwisho. Safu ya nne ndiyo itakayoleta ubishi mkubwa, maana katika kumbukumbu nyingi kipimo cha mwisho ni kile cha siku mtambo ulipoondoka.