Uzi Mmoja wa Nanga

Mtu wa pwani akisikia nanga hufikiria chuma kinachozuia chombo kisichukuliwe na maji. Kwetu Titye, wilayani Kasulu, nanga ni ubao uliochimbwa kama hori la ng'ombe, ukafungwa uzi, ukapigwa kwa vidole vya mikono miwili. Ni ala ya Waha, ya Warundi ng'ambo ya mpaka, na ya Wahaya kule Kagera.

Jioni nyingi nimekaa na mzee mmoja anayezichonga. Hana haraka. Gogo hulichimba kwa tezo, kisha hushika kisu na kupunguza kidogo kidogo, akigonga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Mti ukiachwa mnene, sauti inafia humo humo. Ukizidi wembamba, kiangazi kinaupasua.

Ila mimi kilichoniteka ni meno ya nanga. Kila ncha ya ubao hukatwa mapengo, na uzi unaopita humo ni mmoja tu, zamani wa kano za ng'ombe, siku hizi hata wa nailoni. Unaenda, unarudi, unaenda tena, hadi zipatikane nyuzi saba au nane. Fundi wa fidla wa Mittenwald, mji wa Ujerumani ambako Matthias Klotz aliianzisha kazi hiyo miaka ya 1680, huupa kila uzi kigingi chake. Nanga haina kigingi. Jino peke yake ndilo linaloubana uzi usiteleze ukamlegeza jirani. Pengo likiwa pana, nanga nzima inalegea. Likiwa kali, uzi unakatika. Nilimuuliza anapimaje.

"Weka kidole hapa, mwanangu," akasema. Nikaweka. Pengo lilikuwa laini kama ukingo wa kibuyu cha zamani.

Warundi wana namna ya kuipiga ambayo naiona ni heshima kubwa kuliko zote kwa fundi: mwimbaji hunong'ona. Kirundi, sawa na Kiha, ni lugha ya toni, na mnong'ono haupandi wala haushuki. Basi toni hubebwa na nyuzi, na sikio hulisikia neno zima.

Siku alipomaliza kukaza uzi, mzee aliuegemeza ubao kifuani, akagusa nyuzi tatu, akatikisa midomo karibu bila pumzi. Nikasikia jina langu, na lilitokea kwenye mti.